Nakala ya Pili ya Farasi wa Kijivu

Siku ile barazani kwetu Kamembe tulikuwa watu sita, na wa saba mgongoni. Baba yangu Ramazani, fundi wa nguo, alikuwa amesimama kwenye meza yake ya kupigia pasi. Asumini, binti wa shangazi yangu Zubeda, alikaa katikati ya mkeka, maana mkeka ulikuwa wa mama yangu kwa kuununua lakini wa Asumini kwa kuutawala. Venansiya wa Mururu hakuwa ndugu yetu. Mama yake alimletea mama yangu karanga mbichi kila wiki, na yeye alifuatana naye akabaki kucheza mpaka jioni. Furaha alikuwa mtoto wa wapangaji wetu, chumba cha nyuma. Mama yake, Maman Furaha, mtu wa Bukavu, alisimama mlangoni na beseni lake la sabuni za kuuza. Na mimi, Mwamini, nikiwa nimembeba mdogo wangu Yusufu. Mama yangu Hadija hakuwepo, alikuwa ameshuka kwenye baryeri ya Rusizi, kizuizi cha mpakani penye daraja la kwendea Bukavu, kuuza karanga. Namtaja ingawa hakuwepo, kwa sababu yeye ndiye aliyebebeshwa kosa.

Haya yote yamerudi kwa sababu ya mfuko. Siku hizi kwetu mifuko ya plastiki imekatazwa, tumerudi kwenye karatasi kama zamani. Juzi nilinunua ndagala sokoni, mvua ikanikuta njiani, na kufika nyumbani karatasi ilikuwa imelowa, inanuka chumvi na mafuta. Mjukuu wangu Rehema akataka kuitupa. Nikamnyang'anya. Nikaikunjua juu ya meza, nikaipangusa kwa kiganja, nikawa naitazama huku na huku kama mtu anayetafuta maandishi.

"Bibi, unatafuta nini humo?"

Nikamwambia natafuta mwiba wa samaki.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka vile vitabu vya picha. Watu waliochorwa kwa rangi, na maneno yanawatoka mdomoni yamefungiwa ndani ya kiwingu, kama pumzi ya asubuhi ya baridi. Wazungu walipokuwa wakihama Bukavu, kundi baada ya kundi, waliacha masanduku. Vyombo vizuri vilichukuliwa na wakubwa, nguo zilichukuliwa na wadogo, na karatasi hakuna aliyezitaka. Wabebaji walizivusha daraja wakaziuza kwa kilo kwa wanawake wa karanga, wa chumvi na wa mandazi. Mama yangu hakujua kusoma. Kwake karatasi ilikuwa ya aina mbili, inayovuja mafuta na isiyovuja. Vile vitabu vya picha vilikuwa vya aina ya pili, akavipenda sana. Kazi yake ilikuwa kuchana kila ukurasa vipande viwili kwa rula ya baba. Kazi yangu ilikuwa kuvisokota vile vipande viwe vifuko vyenye ncha, na kuvipanga kimoja ndani ya kingine kama kofia.

Lakini kabla hajachana, alituruhusu sisi watoto kuchagua. Kila mmoja kitabu kimoja kwa kila mzigo. Ndipo ulipoanza ule mchezo, kama ni mchezo.

Asumini alikuwa amesoma miaka minne kwa masista. Alijua Kifaransa, au tuliamini anajua. Yeye ndiye aliyekuwa akipima vitabu vyetu. Ulikuja nacho umekiweka juu ya kitambaa, hukumpa mkononi. Kwanza alikinusa. Kilichonuka ndagala au taa ya mafuta kilirudishwa papo hapo. Halafu aliangalia misumari, ile miwili midogo inayoshika karatasi katikati. Kitabu cha zamani kweli kina kutu, na kutu imeingia kwenye karatasi na kuacha alama ya kahawia kama kidonda kilichopona. Halafu ukurasa wa mwisho, kama upo. Halafu jina. Watoto wa Kizungu waliandika majina yao ndani ya jalada, kwa wino, kwa mwandiko wa kulala, na hilo lilipandisha kitabu. Mwisho aliuliza swali ambalo wote tuliliogopa.

"Ingine kama iyi iko kwa nani?"

Kama kilikuwepo kingine popote Kamembe, kitabu kilikuwa cha kati. Kama vilikuwepo vingi, kilikuwa cha bure. Kama hakuna, Asumini alifumba macho kidogo, akakiweka kwenye goti lake la kulia na kusema, "Iyi ni ya peke." Hapo hata baba alisimamisha cherehani.

Venansiya alikuwa na vitabu kumi na saba, vyote vya bure. Alijaribu kila ujanja. Alichovya misumari kwenye maji ya chumvi na ndimu ikashika kutu kwa siku tatu. Alipaka kurasa majani ya chai ziwe nzee. Siku moja aliandika jina la Mzungu yeye mwenyewe, kwa mkaa.

"Venansiya, uyu muzungu anaitwa nani?"

"Ni Piyeri."

"Piyeri wa wapi?"

"Wa Mururu," akasema Venansiya, na sote tukaanguka kwa kicheko, yeye kwanza.

Kwake ilikuwa kucheka. Kwangu haikuwa hivyo, na naomba mnielewe hapa, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. Mimi nilisoma mwaka mmoja tu. Yusufu alipozaliwa nilitolewa shule nimbebe, nisokote vifuko. Nilikuwa najua herufi bila kujua zinafanya nini zikikaa pamoja. Na Asumini alikuwa na desturi yake: mwenye kitabu cha peke alikaa naye juu ya mkeka, bega kwa bega, na kila alasiri kile kitabu kilisomwa kwa sauti, kidole chini ya maneno. Waliobaki walikaa chini kwenye vumbi, wakisikiliza. Kutoka kwenye vumbi ulisikia hadithi. Kutoka kwenye mkeka uliona kidole kinakwenda na sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu, upana wake nusu ya mkeka.

Kitabu changu kilikuwa na mwanamke aliyepanda farasi wa kijivu, ameinua taa, nyuma yake mlima mweupe wa chumvi. Tulikiita Farasi wa Kijivu. Kutu ilikuwepo, jina lilikuwepo, ukurasa wa mwisho ulikuwepo. Asumini alikipima tangu adhuhuri hadi karibu na alasiri, akanirudisha chini mara mbili, akaniita tena, halafu akafumba macho. Nilipanda mkekani na Yusufu mgongoni. Kwa wiki tatu nilifuata kile kidole. Nilikuwa nimeshaanza kuona kwamba neno fulani likirudi ukurasa mwingine, sauti ileile inarudi nalo. Usiku nilikuwa naliota lile neno.

Ndipo wakahamia kina Furaha.

Walikuja na beseni la sabuni, godoro moja lililokunjwa, sufuria mbili, na Furaha amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. Baba yake alikuwa mpishi wa Wazungu huko Bukavu. Wakati wa zile fujo alitoka kwenda kutafuta unga. "Papa Furaha hajarudi," alisema mama yake kila alipoulizwa, kwa sauti ya mtu anayesema mvua haijanyesha. Mimi nilielewa hivyohivyo. Baba yangu naye akienda Bugarama na nguo zake hukawia, tukasema hajarudi, na jioni ya tatu akarudi. Nilidhani baba wa Furaha amekawia tu.

Siku ya pili Furaha akaja barazani. Akasimama kando, mwembamba, nywele zimesukwa vizuri. Asumini alikuwa anatusomea. Akafika mahali mwanamke anamwambia mtu wa kofia jambo, akatutafsiria, "Anasema, mi ni malkia ya iyi nchi."

"Hapana," sauti ikatoka pembeni. "Pale anasema farasi imechoka, wanaomba maji."

Asumini hakuinua kichwa. "Weye ni nani?"

"Furaha."

"Umesoma wapi?"

"Sijasoma. Ni papa aliandika." Akafungua kitenge.

Kilikuwa Farasi wa Kijivu. Jalada lilelile, taa ileile, mlima uleule. Ila ndani, chini ya kila kiwingu cha maneno, kulikuwa na mistari midogo ya penseli, imebanwa kama sisimizi. Papa Furaha alikuwa anajifundisha Kifaransa jikoni kwa Wazungu. Alimuuliza mtoto wa nyumba kila neno, akaliandika chini yake kwa Kiswahili. Furaha alikuwa amesomewa yote, akayashika kichwani. Alifungua tu na midomo yake ikawa inacheza.

Asumini alikipima palepale. Hakukinusa hata.

"Imeandikwa. Imeharibika. Papa yako aliharibu kitabu ya bure."

"Hakuharibu. Aliandika."

"Ni kitu moja." Halafu akanigeukia mimi, na naapa alikuwa anatabasamu. "Na weye, Mwamini, shuka. Ziko mbili. Mbili hakuna ya peke."

"Lakini yake imeharibika, umesema mwenyewe!"

"Imeharibika lakini iko. Siku itabaki moja, utapanda." Akacheka, akampa Venansiya ishara asogee, kana kwamba Venansiya angeweza kupanda. "Haya, dada yangu, shuka na mutoto wako."

Nilishuka. Vumbi lilikuwa la moto. Alasiri ile Asumini alisoma kitabu chake mwenyewe, na nilisikia kila kitu na sikuona kitu.

Furaha hakujua amefanya nini. Ndivyo nilivyomchukia zaidi. Alinifuata. Alinishikia Yusufu nilipochoka, alimwimbia nyimbo za Bukavu, alinisaidia kusokota vifuko na vya kwake vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Aliniambia, "Tuko na kitabu moja, mi na weye. Ni kama tuko ndugu." Nikamjibu kwamba mimi ndugu zangu nawajua. Akacheka akidhani ni mzaha.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja tulishuka kuchota maji, bidoni mbili, yake na yangu. Njia ilikuwa ya utelezi kwa mvua. Alikuwa na kile kitabu kwenye kitenge, kwa sababu alitembea nacho kila mahali. Kufika juu ya mteremko akasimama.

"Mwamini, nikamatie. Maji isiiguse. Weye uko na mutoto, baki apa, mi nitachota zote mbili."

Akanipa. Akachukua bidoni yangu pia, akashuka nazo zote mbili, miguu mitupu, akijishika kwenye majani.

Sikungoja. Nilirudi nyumbani mbio na Yusufu akirukaruka mgongoni akicheka. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na rundo la karatasi, amechelewa, anachana haraka. Nilifungua kitenge, nikakiweka kile kitabu kwenye rundo, upande wa goti lake, si juu kabisa. Cha tatu kutoka juu. Halafu nikakaa mbele yake, nikaanza kusokota.

Alipokifikia alikivuta misumari, akaitupa mkekani. Akaweka rula. "Iyi karatasi iko muzuri," akasema. "Iko na nguvu." Hakuona penseli. Hata angeona, mistari ile kwake ingekuwa sawa na nyayo za kuku. Alichana, nikasokota. Mwanamke na taa yake nilimsokota kwa mkono wangu huu. Kila kipande niliona ile mistari ya sisimizi inazunguka, inaingia ndani, inapotea kwenye ncha. Nilisokota kwa makini kuliko siku zote, visifunguke. Mama akanisifu.

Akajitwisha beseni, akashuka baryeri. Furaha akafika muda mfupi baadaye, bidoni moja kichwani na nyingine mkononi, gauni limelowa mpaka kifuani.

"Nimekutafuta pale juu. Kitabu iko wapi?"

"Nilikiacha kwenye mkeka."

Akaangalia mkeka. Haukuwa na kitu isipokuwa misumari miwili yenye kutu, nami niliisahau pale. Aliiokota. Aliiangalia muda, halafu akaiangalia mikono yangu, iliyokuwa na wino wa rangi kwenye vidole kama kila siku. Akatoka mbio.

Yaliyotokea baryeri niliyasikia kwa Venansiya, aliyekuwa huko na mama yake, na alinisimulia akicheka kwa sababu hakujua. Mama alikuwa ameshauza karibu vyote. Furaha alimwendea mbebaji mmoja mmoja. "Papa, iyo karatasi, ukimaliza, unipatie." Wakamtania. "Nunua karanga yako, karembo!" Mmoja alimwinulia kifuko juu, mtoto akaruka, akaruka, wenzake wakahesabu miruko. Mwingine alimwambia abebe gunia lake la vitunguu mpaka juu ya kilima ndipo ampe, naye akabeba, na juu ya kilima yule mtu akampa kweli, amekwisha kukifutia mikono. Askari alikuwa amewashia sigara kipande kimoja. Vingine vilikuwa vimevuka daraja na watu wake, viko Bukavu, vimerudi kwao. Alirudi na vipande kumi na moja.

Mama aliposikia alishika kichwa. Hakuniuliza neno. "Ni mimi," akasema. "Niliokota yote ya pa mkeka, sikuangalia." Akajaza sahani karanga, akahakikisha ni sahani wala si karatasi, akaenda chumba cha nyuma. Nilisimama ukutani nikasikiliza.

"Maman Furaha, unihurumie. Mi sijuwi kusoma. Karatasi kwangu ni karatasi."

"Haina neno, Mama Mwamini."

"Aliandika nini, Papa Furaha?"

"Hata mi sijuwi kusoma," akasema Maman Furaha. "Alikuwa ananisomea."

Mama yangu alikaa na hilo kosa mpaka anakufa. Kila alipokutana na mtu wa Bukavu aliuliza kama anamjua Maman Furaha, muuza sabuni, amsalimie. Mimi nilikuwa nakaa karibu naye, mtu mzima mwenye watoto, nakunywa chai.

Kesho yake, baada ya vile vifuko kuuzwa, ndiyo siku niliyoitaja mwanzo. Asubuhi Asumini aliniita. "Ingine kama iyi iko kwa nani?" Nikasema, "Hakuna." Akafumba macho. Nikapanda mkekani.

Alasiri Furaha akaja na vile vipande kumi na moja, vimekunjamana, vimejaa mafuta na vumbi la chumvi. Hakuja kwetu sisi wa mkeka. Alikwenda kwa baba.

"Papa Ramazani, naomba pasi."

Baba alivipokea. Alikuwa mtu asiyesema. "Mwamini, leta makaa." Nikaleta makaa. Alitandika kitambaa cheupe, akaweka kipande, akafunika kitambaa kingine, akapitisha pasi polepole. Mafuta yalipanda kwenye kitambaa yakaacha duara. Penseli haikufutika. Alivinyoosha kimoja kimoja, kumi na moja, na alipomaliza akavipanga mezani akajikuna ndevu. Vilikuwa nusu nusu, bila namba, miguu ya farasi hapa, kichwa cha mtu kule.

"Iyi inafuata iyi?" akamuuliza Furaha.

"Sijuwi. Papa alikuwa anaanza juu, naye anajua."

"Basi Mwamini iko na ingine, nzima. Muulize. Mutapanga pamoja."

Hakunitazama aliposema. Nimejiuliza sana kwa nini hakunitazama.

Furaha akaja mpaka ukingoni mwa mkeka. Hakukanyaga. "Mwamini, nikopeshe yako. Nijue tu yenye inafuata."

Nikamwangalia Asumini. Asumini akainua mabega. "Ni yako. Useme weye."

Sasa ninyi msomao mtasema nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini niliona. Nilijua kwamba vipande vile vikipangwa, hata vikiwa kumi na moja, ni kitabu. Vibaya, nusu nusu, lakini kipo. Na kikiwepo, vipo viwili, na mimi nashuka. Ndivyo nilivyowaza, na hesabu yangu ilikuwa sawa.

Nikasema, "Mikono yako ina mafuta."

Akajitazama mikono. Akaipangusa kwenye gauni, mbele na nyuma, akainyoosha tena. "Sasa haina. Nikopeshe, Mwamini."

"Gauni lako nalo lina mafuta."

Venansiya akacheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Maman Furaha alikuwa mlangoni na beseni lake, hakusogea, hakusema "njoo". Yusufu alikuwa amelala, kichwa chake kizito begani kwangu.

Furaha akapiga magoti kwenye vumbi. Akasema polepole kama mtu anayemweleza mgeni njia, "Basi mi siigusi. Weye fungua, weye ushike. Mi nitaangalia kwa mbali. Ukurasa moja, moja. Nitarudi nyuma kama unataka."

Nilikiweka kitabu chini yangu, nikakikalia.

"Hapana," nikasema.

Baba akaiweka pasi juu ya jiwe. Alivikusanya vile vipande, akavifunga na utepe wa kitambaa, akampa mtoto mikononi, akarudi kwenye cherehani na kushona mpaka jua likazama, bila kuniita kwa makaa wala kwa uzi. Kina Furaha walihama kabla ya mwezi kuisha. Wengine walisema Uvira, wengine Goma.

Nami nilisoma. Kidole cha Asumini kilikwenda na macho yangu yakakifuata, na kabla ya Ramadhani nilisoma ukurasa mzima peke yangu, Kifaransa ambacho sikukielewa hata neno. Asumini alinitafsiria. Nimekuja kujua kwamba alikuwa anabuni karibu yote. Hakuna malkia wala nchi katika hadithi ile. Maneno yake ya kweli yalikuwa yameandikwa kwa Kiswahili changu, kwa penseli, nami niliyasokota nikayatia karanga. Halafu Asumini akaolewa Bujumbura, mkeka ukarudi kwa mama, na mchwa wakala vitabu vya Venansiya vyote kumi na saba. Changu hawakukigusa. Binti yangu alipokuwa Ubelgiji nilimpa ajaribu kukipimisha huko, kwa wanaokusanya vitu hivyo. Alinipigia simu akasema wanapima kama tulivyopima sisi, misumari, kutu, jina, ukurasa wa mwisho. Akasema kitabu hiki kilichapwa kwa maelfu na kimejaa kila duka la vitu vya zamani. Hakina bei. Nikamwambia akiache hukohuko.

Nimeandika majina yote kama ninavyoyakumbuka, na najua kumbukumbu za mzee zinapenda kujisaidia. Huenda Venansiya alikuwa na vitabu vingi kuliko kumi na saba. Huenda gunia halikuwa la vitunguu. Kama Furaha yuko hai, au kuna mtu wa Kamembe, Mururu au ng'ambo ya daraja aliyelisikia hili kutoka kwake, naomba anisahihishe bila kuniogopa, maana baba amekufa, Maman Furaha hakusema kitu, na Yusufu alikuwa amelala. Mimi nakumbuka aliniomba mara tatu. Kama zilikuwa mbili, niambieni.